SEHEMU YA 6: Mtengenezee mwanao baiskeli ya mabomba, ila shingo iwe ya chuma



Kuna video zinazunguka siku hizi. Mtu anachukua mabomba ya plastiki ya maji, anaunganisha kwa elbo, tii na gundi, anafunga padeli na matairi matatu, mtoto anapanda anaondoka. Mmeniuliza wengi: "Nesi, na sisi tumtengenezee?"

Jibu langu ni ndiyo. Lakini ngoja nianze na kovu.

Kovu liko pajani kwa mwanangu wa pili. Alikuwa na miaka 5. Baba yake alikuwa na mabomba yaliyobaki tulipojenga choo, akapata na padeli na tairi la mbele kwenye kibaiskeli kibovu. Alikaa nacho Jumamosi mbili. Kilipendeza jamani, watoto wa mtaa mzima walipanga foleni. Tatizo ni kwamba kila kitu kilikuwa plastiki, mpaka ile shingo inayoshika tairi la mbele. Wiki ya tatu mtoto akashuka nacho kwenye kamteremko ka kwa jirani, tairi likagonga jiwe, shingo ikakatika. Bomba lile likivunjika linaacha ncha kama kigae. Nyuzi 5. Mimi nesi mzima nilimshika mikono huku mwenzangu akimshona.

Nilirudi nyumbani nikiwa nataka kukipiga moto. Afadhali sikufanya hivyo, na kwa nini nitakwambia hapo chini.

Fundi baiskeli wa pale kona ndiye aliyenifungua macho. Alikigeuza kichwa chini miguu juu, akaniambia: "Mama, bomba halina kosa. Mmelipa kazi ya chuma." Na kweli, tazama guta linavyobeba mifuko ya saruji barabarani. Ulishawahi kuona la plastiki?

Basi tugawane kazi hivi.

KAZI YA BOMBA: kiti, egemeo la mgongo, vizuizi vya pembeni, kapu la nyuma. Chagua bomba nene la maji ya presha. Lile jembamba la kupitishia nyaya za umeme achana nalo.

KAZI YA CHUMA: shingo, ekseli, padeli na mikono yake. Mhimili mrefu unaopita chini ya kiti nao uwe na chuma au mti mgumu ndani yake. Viungo vya mhimili visitegemee gundi peke yake, pitisha boliti mpaka upande wa pili, na weka washa pana, maana nati ikikazwa sana inapasua bomba.

Kwa mtoto mdogo, padeli zikae moja kwa moja kwenye tairi la mbele. Mnyororo wa nini? Vidole vilivyoingia kwenye mnyororo na visigino vilivyoingia kwenye spoku nimeviosha vya kutosha. Halafu paka rangi, kwa sababu jua linaifanya plastiki ikauke na kukatika kirahisi.

Sasa tuje kwenye kazi yangu mimi. Msikunje bomba juu ya jiko la mkaa! Likiungua linatoa gesi ambayo ikikutana na unyevu wa koo na macho inageuka tindikali. Ndiyo maana nafurahi sikukichoma kile kibaiskeli. Kona zote zinapatikana kwa elbo. Ikibidi kukunja, maji ya moto sana yanatosha kulilainisha, na ifanyike nje, mikono ina glovu nene, watoto wako mbali. Gundi nayo mvuke wake unadaka moto na unaumiza kichwa. Ipakwe nje, mbali na jiko. Mjamzito na mtoto mchanga wasikae hapo.

Mtaniuliza, kwa mateso yote haya si bora mtu anunue? Mwenye uwezo anunue, hakuna ubaya. Ila wengine tukisubiri hela ya dukani, mtoto anafika darasa la tatu hajawahi kukanyaga padeli, kutwa yuko mbele ya katuni. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 3 na 4 achangamshe mwili angalau dakika 180 kwa siku, na wa miaka 5 mpaka 17 wastani wa dakika 60 kila siku, tena za kumfanya aheme. Mwanangu alikuwa anazimaliza hizo 60 kabla sijabandika ugali.

Kuna waliocheka. Shangazi mmoja alisema mtoto wa nesi anaendesha mabomba ya choo. Iliniuma, nisidanganye. Lakini mtoto hakuona choo pale. Aliona baba yake amekaa chini Jumamosi mbili kwa ajili yake.

Na wewe mama mwenye mtoto mwenye utindio wa ubongo, ujumbe huu ni wako hasa. Bomba linafaa sana kwa egemeo na vizuizi vinavyomshika asianguke. Ila usipime kwa macho. Nenda naye kwa mtaalamu wa fiziotherapia kwanza, akuonyeshe kiuno kikae vipi na mguu ufungwe wapi. Kiti kibaya kinampinda mgongo. Halafu mtoe nje aonekane, acheze na wenzake. Asifichwe ndani.

Mwisho kabisa: kabla mtoto hajapanda, kaa wewe. Tikisika, kanyaga, sukumwa uani. Kikilia kraa, kirudi kwa fundi. Kisichokubeba wewe kisimbebe mwanao. Na kikipita mtihani, ni cha uani na uwanjani tu, barabarani hapana, hata kama ni kuvuka kwenda dukani.

Kile chetu kina shingo ya chuma sasa, na anayekiendesha ni mdogo mtu. Kaka yake anamsukuma kwa nyuma huku kovu linaonekana kwenye kaptula.

Mmoja wenu akitengeneza, aweke picha hapa chini tukikague wote. Sehemu ya 7 tutaongelea mtoto aliyemeza kitu.