Tundu Si Lugha

Mwezi uliopita kamati ya mali chakavu ya chuo chetu hapa Dar es Salaam ilipendekeza kompyuta ya maabara iuzwe kwa mnada. Kosa lake: kibodi imekufa.

Naijua kompyuta hiyo. Ni 486 yenye rangi ya meno ya mvuta sigara, na ndiyo pekee inayoendesha spektrofotometa ninayopimia floraidi kwenye maji ya visima vya Arumeru. Kifaa kinawasiliana nayo kupitia kadi ya ISA, na kompyuta za dukani leo hazina pa kuchomeka kadi hiyo. Ukiiuza kompyuta umeua na kifaa, na tasnifu yangu ya uzamili juu. Siku kibodi ilipokufa, mashine iliwaka, ikaandika kwa Kiingereza kwamba haioni kibodi, kisha ikanitaka nibonyeze F1 ili iendelee. Nilicheka peke yangu.

"Mdogo wangu, hii ni ya makumbusho," akasema afisa ugavi. "Andika barua uombe mpya."

Barua hizo sote tunajua zinapoishia.

Nikaenda Kariakoo. Fundi akaniuzia adapta mbili ndogo kwa shilingi 5,000: moja ya kutoka USB kwenda PS/2, nyingine ya kutoka PS/2 kwenda lile tundu kubwa la duara la pini 5. "Dada, ikiingia tu inapiga kazi." Iliingia. Haikutokea hata herufi moja, na kamati ikapata ushahidi wake.

Ushahidi wa nini, jamani? Adapta ya namna hiyo ni waya mtupu, inahamisha pini tu. Inafaa pale ambapo kibodi yenyewe ilitengenezwa ikijua lugha mbili, ya USB na ya PS/2, kama zilivyokuwa nyingi za miaka ya mwanzo ya USB. Nyingi za leo zinajua moja. Na plagi inadanganya sana. Kibodi ya PS/2 ya 1987 na ile ya IBM AT ya 1984 zina plagi tofauti lakini lugha ni ileile. Ya IBM PC ya 1981 ina plagi ya pini 5 kama ya AT, ila ukiichomeka kwenye AT hamtasikilizana. Kipanya ndiyo balaa zaidi: kile cha kale cha tundu la pini 9 kinatuma biti 1,200 kwa sekunde na kujipatia umeme kwenye nyaya zilezile za mawasiliano.

Haya hatukufundishwa. Somo la kompyuta shuleni lilikuwa kutaja majina: hii kibodi, hiki kipanya, hii skrini. Nilimaliza shahada ya kwanza bila kuambiwa kwamba ndani ya kibodi mna kompyuta ndogo inayoongea. Mtu aliyezijua mashine kwa sura lazima aziandikie cheti cha kifo kila plagi inapobadilika.

Rafiki yangu mmoja darasani anasema ninatukuza takataka za wazungu. Tumefanywa jalala la kompyuta kuukuu kwa jina la msaada. Hoja yake naiheshimu. Lakini kutoielewa 486 hakuirudishi ilikotoka. Inahama tu kutoka maabara kwenda dampo la Pugu, na mimi nabaki na chupa za maji.

Nilichofanya hakikuhitaji barua. Nilinunua kibao kidogo chenye maikrokontrola, kwa bei isiyofika nauli yangu ya Arumeru, nikakiwekea programu ambayo watu nisiowajua waliiandika na kuiacha bure. Kwa kibodi ya USB, kibao kinajifanya kompyuta. Kwa 486, kinajifanya kibodi ya AT, kwa waya mmoja wa data na mwingine wa mapigo ya saa. Usiku wa kwanza niliwabadilisha hao wawili, nikalaumu kibao. Usiku wa pili mashine ilinyamaza kidogo, ikaendelea. (Zima kabla ya kuchomeka, matundu hayo hayakutengenezwa kwa kuchomoachomoa umeme ukiwaka.)

Fomu ya mnada bado iko kwenye faili, ina sahihi tatu kati ya nne. Jumatatu nina sampuli 12.