Kumlipa Mzabuni Si Hisani

Kuna tabia iliyoota mizizi katika baadhi ya ofisi na shule zetu za umma, na kwa kuwa waitendao ni watu waungwana na wenye elimu, haijapata kuitwa kwa jina lake. Mtumishi anaagiza bidhaa kwa mfanyabiashara mdogo, anazipokea, anazitumia, kisha halipi. Mwezi wa kwanza mdai anaambiwa fedha hazijaingia. Mwezi wa pili anaambiwa mwenye kutia saini yuko semina. Mwezi wa tatu anaambiwa ankara yake ina kasoro, nayo ni kasoro iliyokuwamo tangu siku ile ilipopokewa. Maharage yamekwisha kuliwa, karatasi zimekwisha kuchapiwa mitihani, na mwenye mali bado anapanda ngazi za ofisi kofia mkononi, kana kwamba yeye ndiye mwombaji.

Tufanye hesabu ndogo, ambayo mwalimu yeyote wa shule ya msingi anaweza kuiweka ubaoni. Kikundi cha akina mama kinapeleka shuleni unga na maharage vya shilingi 4,000,000. Mzigo huo kimeununua kwa shilingi 3,600,000, fedha za mkopo wenye riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Faida inayotarajiwa ni shilingi 400,000. Kila mwezi shule ikaapo kimya, riba inakula shilingi 72,000. Ifikapo mwezi wa sita riba imefika shilingi 432,000: faida yote imekwisha, na akina mama wametoa shilingi 32,000 mfukoni mwao kwa heshima ya kuilisha shule ya Serikali. Hapo hatujahesabu nauli za kufuatilia. Na kama muuzaji amesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, akishatoa risiti ya kodi hutakiwa kuwasilisha asilimia 18 ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hata kama mnunuzi hajatoa senti moja. Yaani Serikali inayodaiwa inamdai mwananchi kodi ya fedha ambazo yenyewe haijamlipa!

Jambo hili linatia uchungu zaidi tukikumbuka shabaha ya Taifa. Tangu sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2018, halmashauri zimetakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kuvikopesha bila riba vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Sheria ya ununuzi wa umma nayo inataka asilimia 30 ya ununuzi itengwe kwa makundi maalumu. Haya ni mambo mema. Lakini inakuwaje kikundi kikopeshwe na halmashauri, kipewe zabuni na halmashauri hiyo hiyo, kicheleweshewe malipo na halmashauri hiyo hiyo, kisha kiandikiwe barua ya onyo kwa kushindwa kurejesha mkopo? Mkono wa kulia unajenga na wa kushoto unabomoa, na mikono yote miwili ni ya mtu mmoja.

Wahasibu watatujibu kwamba fedha huchelewa kutoka Hazina. Ni kweli, huchelewa, na lawama hiyo iende huko inakostahili. Lakini kanuni ya kwanza ya ununuzi wa umma ni kwamba usiagize kitu ambacho fedha yake haijatengwa. Anayetia saini hati ya kuagizia mali huku akijua kasma haina kitu hana haki ya kuisingizia Hazina. Ameamua kumgeuza muuza daftari kuwa benki yake, tena benki isiyotoza riba wala kuulizwa kama inakubali. Na hata fedha zinapofika, mbona wapo wanaolipwa siku ya pili na wapo wanaongoja mwaka? Hapo ndipo rushwa inapozaliwa. Ankara inayolala kabatini hungoja kuamshwa, na kila mzabuni anajua ni kwa kitu gani. Asiye na kitu hicho anafunga duka. Anayebaki ni tajiri mwenye uwezo wa kungoja, naye huipandisha bei tangu mwanzo ili kusubiri kwake kulipwe na mlipa kodi.

Wafanyabiashara nao si malaika. Wapo wanaopeleka mali pungufu, na wapo wanaopeleka mali kwa maneno ya simu tu, bila hati yoyote, kisha wakashangaa kwamba deni lao halimo vitabuni. Hao wajirekebishe.

Walimu, kuliko watumishi wengine, hawahitaji kufundishwa somo hili. Wao wanayajua malimbikizo ya mishahara, fedha za uhamisho na za likizo, na safari za kwenda wilayani kuulizia. Ni ajabu basi kwamba mkuu wa shule aliyenung'unika miaka mingi kwa kucheleweshewa haki yake anaweza kumwambia muuza kuni, bila haya, "Njoo mwezi ujao."

India ilitunga sheria mwaka 2006 kwamba anayenunua kwa mwenye kiwanda kidogo asivuke siku 45 bila kulipa. Akivuka atalipa riba ya mara tatu ya ile itangazwayo na Benki Kuu yao. Umoja wa Ulaya mwaka 2011 uliziwekea taasisi za umma siku 30, isipokuwa mambo machache kama ya hospitali. Nchi hizo zilitambua kwamba mdai mnyonge hawezi kumshitaki mteja anayemtegemea kwa zabuni ya mwakani.

Kwa hapa kwetu kazi inaweza kuanza bila kungoja sheria mpya. Ankara ikipokewa igongwe muhuri wa tarehe, na kasoro yake isemwe siku hiyo hiyo. Malipo yafuate tarehe hizo, asirukwe mtu. Siku 30 zikipita, mhasibu amweleze mkuu wake kwa maandishi sababu ya kutolipa, na nakala apewe mdai. Mwaka wa fedha hufungwa Juni 30. Kabla ya tarehe hiyo kila mkuu wa idara na kila mkuu wa shule afungue kabati, azihesabu ankara zilizolala humo, na orodha yake, pamoja na tarehe za kupokewa, aibandike kwenye ubao wa matangazo mahali ambapo wadai wenyewe wataisoma.