Mvuvi, mgema na mwashi ni mtu mmoja

Kila mji mdogo wa pwani yetu ya kusini, kuanzia Diani hadi Vanga, haukosi mtu ambaye watu wote wanamfahamu, lakini hapana awezaye kusema kwa neno moja kazi yake ni ipi. Kaskazi inapovuma na bahari kutulia, yumo chomboni nje ya mwamba. Kusi inapoanza, hurudi ndani ya mwamba na malema yake, na masika yakinyesha hushika jembe, akapanda mahindi na muhogo. Mvua zikipungua huitwa kuezeka makuti au kujenga ukuta wa mawe. Asubuhi na jioni hupanda minazi kugema tembo, jambo ambalo majirani zake wa msikitini hawalifurahii. Usiku wa arusi ndiye mpigaji wa sengenya. (Katika Kiswahili sanifu neno hilo ni kumsema mtu asipokuwapo; kwa Wadigo ni ngoma, tena ngoma ya heshima.)

Mwanawe akiulizwa shuleni baba anafanya kazi gani, huandika: "kibarua". Wengine huandika: "hana kazi".

Hapo ndipo ninapotaka kusimama kidogo, kwa sababu maneno haya si sawa. Mvuvi ametokana na kuvua, mgema na kugema, mwashi na kuaka, yaani kujenga kwa mawe. Majina hayo huzaliwa na kitenzi, na mwenye jina ndiye mtenda. Kibarua, kwa upande wake, ni barua ndogo tu: cheti alichopewa mtu wa kazi ya kutwa, akionyeshe ndipo alipwe. Hata mwajiriwa, neno tunalolitamka kwa adabu kubwa, limejengwa juu ya kauli ya kutendwa. Mwenye jina hilo ametendwa na mtu mwingine, na huyo mwingine akiondoka jina nalo huondoka.

Kwale imeyaona hayo si mara moja. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988. Vurugu za Likoni za Agosti 1997 ziliwafukuza watalii, na hoteli za Diani zikabaki na vitanda vitupu. Mgodi wa Base Titanium, ulioanza kusafirisha madini mwaka 2014, ulimaliza uchimbaji Desemba 2024. Kila mara waliokuwa na cheti kimoja tu waliamka siku moja wakiwa hawana jina. Yule tuliyemwita kibarua alikuwa na dau lake, na panga lake la kugemea.

Sisemi kwamba maisha yake ni mepesi. Wengi hushika kazi nyingi kwa kuwa hapana hata moja inayotosha, na mwanamke anayefuata pweza mwambani maji ya bamvua yanapokupwa, kisha akarudi kushona makuti, hafanyi hivyo kwa kupenda mabadiliko. Umaskini usipambwe. Lakini kumwambia mtu huyo kwamba hana kazi ni kukosa adabu, tena ni kukosea lugha.

Walimu wenzangu hupenda kumtolea methali: mshika mawili moja humponyoka. Naam, lakini methali hiyo yasema juu ya mkono unaoshika mawili kwa wakati mmoja. Mtu wetu hashiki mawili. Huishika moja kwa upepo wake, akaiweka, akaishika nyingine kwa mvua yake. Kujua siku ya kuiweka ni elimu, na elimu hiyo haimo katika silabasi yoyote niliyopata kuiona.

Nayasema haya kwa kuwa Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, kila mmoja katika mkondo mmoja kati ya mitatu. Siupingi mpango huo. Shule haiwezi kufundisha yote kwa wote. Ninachohofia ni kijana wa Msambweni kuaminishwa, akiwa na miaka 15, kwamba mkondo aliouchagua ndio yeye, na kwamba baba yake, asiye na mkondo, si kitu. Mwalimu atakapofika penye "kazi ya mzazi" katika fomu zake, amwache mtoto aandike vitenzi vyote anavyovijua: anavua, anagema, anaezeka, analima, anapiga ngoma. Nafasi isipotosha, aendelee nyuma ya karatasi.