Shaba Nayo Husema Uongo

Katika semina za historia tumezoea kuambiwa kwamba karatasi hudanganya, lakini shaba ni shahidi. Barua hughushiwa, majalada huliwa na mchwa. Medali hubaki, tarehe yake imechongwa kifuani. Napinga. Medali ya ushindi ni shahidi aliyelipwa kabla ya kufika mahakamani.

Tazama medali za Admirali Edward Vernon. Novemba 1739, akiwa na meli sita tu, aliiteka Porto Bello, bandari ya Wahispania katika pwani ya Panama. Uingereza ikalewa furaha. Mafundi wakatoa medali kwa wingi, nyingi za mchanganyiko wa shaba unaong'aa kama dhahabu, kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliimudu. Hadi leo London ina barabara iitwayo Portobello.

Mwaka 1741 Vernon akaiendea Cartagena, katika Kolombia ya leo, kwa zaidi ya meli 100. Ngome za mlangoni mwa bandari zilipoanguka, akatuma London habari za ushindi mapema mno. Medali zikatolewa: zinasema Waingereza wameiteka Cartagena Aprili 1741, na admirali wa Hispania, Blas de Lezo, amepiga magoti mbele ya Vernon. Hayo hayakutokea. Shambulio la ngome ya San Felipe lilishindwa, homa ya manjano ikawafyeka askari kwa maelfu, na mwezi Mei meli zikageuza. Lezo hakumpigia mtu magoti. Tena mguu mmoja aliupoteza vitani miaka mingi nyuma, ilhali medali zinamwonyesha anayo yote miwili. Wahenga walikataza kukata kanzu kabla mtoto hajazaliwa. Hapa ilikatwa, ikashonwa, ikauzwa.

Wapo watakaosema hilo ni kosa la haraka tu, na kwamba propaganda halisi ni ya wafalme kama Louis XIV wa Ufaransa, ambaye wasomi wake walimtungia historia ya utawala wake kwa medali na kuichapisha kitabu mwaka 1702. Sikubali. Medali za Louis ziliagizwa na kasri. Hizi za Vernon ziliagizwa na soko. Fundi hakujua yaliyojiri Cartagena, lakini alimjua mnunuzi: mtu aliyetaka kumwona Mhispania magotini, iwe kweli isiwe kweli. Hilo ndilo linalonitisha zaidi. Mfalme hufa, mnunuzi hafi.

Tazama pia nani hayumo. Hayumo askari aliyekufa kwa homa ndani ya meli. Hayumo Mwafrika aliyetolewa utumwani Jamaika akapelekwa Cartagena kufanya kazi za sulubu katika vita vya watu wengine. Hao hawakupata upande wa mbele wala wa nyuma.

Kwa hiyo, wenzangu tunaoandika tasnifu, tuache kuandika kwamba medali "inathibitisha ushindi". Tuandike kwamba kuna mtu alitaka kuuza ushindi, kisha tuulize kama ulikuwapo. Makumbusho nayo yasitosheke kutaja madini, kipenyo na mwaka. Kwenye kibao cha medali ya Cartagena nafasi ipo, na neno moja linatosha: halikutokea.