Ajali Hizi Zina Kinga

Kando ya barabara zetu mitaro inachimbwa, na juu ya nguzo za mitaa yetu nyaya mpya zinazidi kuongezeka. Ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza mwaka 2009, mwaka uleule ambao mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam. Mwaka uliofuata ukaja mkongo wa EASSy. Tangu wakati huo nyaya za mawasiliano zimeendelea kusambazwa hadi maofisini, mashuleni, hospitalini na majumbani. Maendeleo hayo tunayapokea kwa furaha, kwa kuwa yanawafaa wengi. Hata hivyo, haki inatudai tuulize: ni nani anayezivuta nyaya hizo, na je, jioni anarudi kwao akiwa mzima?

Mara nyingi anayechimba na kupanda si mwajiriwa wa kampuni ambayo jina lake limeandikwa kwenye bango. Kampuni humpa kazi mkandarasi, mkandarasi humgawia mkandarasi mdogo, na huyu huwachukua vijana kijiweni kwa ujira wa siku au wa kila mita waliyochimba. Katika kila hatua bei inapunguzwa. Waya hauwezi kupunguzwa, kwa sababu umbali ni uleule. Kinachopunguzwa ni ngazi imara, miwani ya kinga, mkanda wa usalama, na yule mtu wa pili ambaye kazi yake ingekuwa kumwangalia mwenzake. Kijana akianguka, wote hao husikitika na kusema kwamba ajali haina kinga.

Sisi tunasema kwamba ajali nyingi za kazi hii zina kinga, na kinga hiyo inajulikana.

Tuanze na kazi za juu. Watu hudhani kwamba kazi hii ni nyepesi kwa kuwa waya wa mawasiliano hauna umeme wa kuua. Lakini nguzo hizo, au nguzo jirani, hubeba umeme wa volti 230 na 400, na mahali pengine wa volti 11,000 au 33,000. Umeme wa msongo mkubwa unaweza kuruka hewani na kumfikia mtu ambaye hajaugusa waya. Nyuzi za kioo zenyewe hazipitishi umeme, lakini waya wa chuma unaozishikilia unapitisha, na ngazi ya alumini vilevile. Kwa hiyo umbali salama hupimwa kabla ya kupanda, na inapobidi shirika la umeme huombwa kuzima laini. Nguzo ya mti huchunguzwa kwanza pale inapoingia ardhini, maana ndipo inapoozea. Ngazi nayo hufungwa, na kitako chake huwekwa mita moja mbali na ukuta kwa kila mita nne za kimo. Mawingu ya radi yakikusanyika, kazi husimama.

Kazi za chini zina hatari zake. Mita moja ya ujazo ya udongo huweza kuwa na uzito wa tani moja na nusu. Mtu aliyefukiwa hadi kifuani huweza kukosa pumzi hata kama kichwa chake kiko nje. Mtaro wenye kina kirefu hutegemezwa kwa mbao au kuta zake huchongwa mteremko, udongo uliochimbwa huwekwa mbali na ukingo, na kabla ya sururu ya kwanza huulizwa kama chini kuna waya wa umeme au bomba. Hatari inayofichika zaidi imo katika chemba, yale mashimo yenye mifuniko ambamo nyaya huunganishwa. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21. Ndani ya chemba iliyofungwa muda mrefu oksijeni yaweza kupungua, na gesi za maji machafu kuingia. Mojawapo ya gesi hizo hunuka kama yai viza, lakini ikizidi huua uwezo wa pua kuinusa, hata mtu akadhani kwamba imetoweka. Wa kwanza akianguka, wa pili hushuka kumwokoa, naye huanguka. Ndiyo maana hewa hupimwa kwa kifaa, chemba huachwa wazi na kupulizwa hewa safi, na mtu mmoja hubaki juu akiwa na kamba. Anayebaki juu huvuta na kuita msaada, hashuki.

Hatari ya tatu ni ndogo kwa kuitazama. Uzi wa kioo una unene wa mikromita 125, karibu sawa na unywele mnene. Fundi anapoukata ili kuunganisha, vipande vyake huruka na kuingia katika ngozi au jicho, na ni vigumu kuviona na kuvitoa. Basi fundi huvaa miwani, hutandika kitambaa cheusi ili vipande vionekane, huvikusanya katika kopo lenye mfuniko, na hali chakula mahali hapo. Tena mwanga unaopita ndani ya uzi ni wa leza, nao hauonekani kwa macho. Jicho halifumbi mbele ya mwanga lisiouona, nalo laweza kuungua bila mtu kuhisi maumivu. Asitazame mtu ncha ya uzi ili kujua kama unafanya kazi. Kifaa cha kupimia kipo kwa ajili hiyo.

Msomaji ataona kwamba mengi kati ya hayo hayahitaji elimu kubwa. Yanahitaji muda, vifaa na watu wa kutosha, na vyote vitatu vina gharama. Bei isiyo na nafasi ya gharama hiyo si bei nafuu. Sehemu yake imehamishiwa kwenye mgongo wa kibarua, naye atailipa kwa jicho, kwa mguu au kwa uhai wake, na baada yake wataendelea kuilipa mkewe na watoto wake.

Sheria haiko kimya. Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayomtaka mwajiri kulinda wafanyakazi wake na kuwapa vifaa vya kinga. Ipo pia Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, iliyoanzisha Mfuko ambao mwajiri ndiye anayeuchangia, wala si mfanyakazi. Mwezi Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani liliweka mazingira salama na yenye afya miongoni mwa haki za msingi kazini. Nalo Kanisa, katika waraka Laborem Exercens wa Papa Yohane Paulo II wa mwaka 1981, limefundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi. Lakini kibarua asiye na mkataba, ambaye jina lake halimo katika orodha yoyote, atadai haki hizo kwa nani?

Kwa hiyo tunatoa rai. Mosi, makampuni yanayotoa kazi yaandike gharama ya usalama katika mkataba kama kifungu cha pekee kisichopunguzwa, na yawajibike kwa kila mtu aliye katika mtaro wao, hata kama amechukuliwa na mkandarasi wa tatu. Pili, wakandarasi waandikishe vibarua wote kwa majina na kuwafundisha kabla ya kuwapa sururu na ngazi. Tatu, sisi tunaoagiza kazi, zikiwamo parokia, shule na zahanati, tusimchague fundi kwa bei peke yake. Tumwulize atapandaje, na nani atakuwa pamoja naye. Tumwoneshe penye nyaya za umeme ndani ya jengo, na tumwambie mapema kama paa au dari ni la asbesto, asije akalitoboa na kuvuta vumbi lake lenye sumu.

Nanyi vijana mnaofanya kazi hii, kukataa kushuka katika chemba isiyopimwa si uvivu wala ukaidi. Kataeni pamoja, maana mmoja akikataa peke yake nafasi yake hupewa mwingine jioni hiyohiyo. Na sisi wengine tunaopita kando ya mtaro huo, tusipite kimya.