Miss moja, mambo kibao!

Leo nataka tukae na neno moja tu la ung'eng'e. Lina herufi nne, lakini vituko vyake vinazidi vya wapangaji wa nyumba moja Kariakoo. Neno lenyewe ni "miss".

Tuanze na fundi gari wa chini ya mwembe. Mpelekee gari linalokohoakohoa, atalisikiliza kidogo kisha akwambie, "Bosi, hii inamisi." Maana yake kuna silinda haichomi mafuta sawasawa, pengine plagi imechoka. Pembeni yake yupo mwanafunzi analalamika kamisi daladala. Na mshabiki wa soka atakukumbusha fainali ya Kombe la Dunia mwaka 1994 kule Marekani, pale Roberto Baggio wa Italia alipomisi penalti, mpira ukapaa juu ya mwamba na Brazil wakaondoka na kombe. Wote watatu wanaimba wimbo mmoja: kukosa.

Sasa twende kwa wapenzi, maana huko ndiko kwenye utamu na balaa. Mtu akikwambia "I miss you", ana hamu na wewe. Lakini akisema "I missed you at the bus stand", usianze kuchekelea! Huenda anasema tu kwamba alifika stendi, akakukosa, akaenda zake. Na yule anayesema "I nearly missed the bus" usimpe pole ya kuachwa. Basi kalipata huyo, ila kwa kudandia.

Vijana wa mjini nao wameligeuza neno hili kuwa chumvi, kila chakula wanatia. Mshkaji anawaambia "nimekumisi" wasichana watano kwa siku moja, na wote wanaamini. Dada yangu, mwambie akuambie kwa Kiswahili, "nina hamu nawe", huku anakutazama machoni. Akianza kujikunakuna kichwa, jibu umelipata.

Kuna "miss" nyingine, nayo ni ya ukoo tofauti kabisa. Hii ya warembo. Mashindano ya Miss World yalianza London mwaka 1951, na sisi tulipata raha yetu mwaka 2005, Nancy Sumari alipotwaa taji la Miss World Africa. "Miss" hii ni kifupi cha "mistress", neno ambalo zamani Waingereza walimwitia mwanamke mwenye heshima zake, awe ameolewa au hajaolewa. Mrs nayo imetoka humo humo. Leo "mistress" ukilitamka vibaya umemwita mtu nyumba ndogo. Mambo hayo!

Kicheko kinaishia kwenye fomu ya kazi. Namjua dada mmoja, mchapakazi kwelikweli, aliyejaza "Miss" kwenye fomu ya ofisi moja hapa mjini. Kwenye usaili hakuulizwa anajua nini. Aliulizwa anaolewa lini na atazaa lini! Kijana wa kiume aliyefuata aliandika "Mr" na hakuna aliyetaka kujua kama ana mke, ana wawili, au kafukuzwa nyumbani. Hiyo ni haki jamani?

Wanawake wa Marekani waliliona hilo. Ndipo wakaipigia debe "Ms", inayotamkwa "miz", na mwaka 1972 likaanza kutoka mara kwa mara jarida lenye jina hilo hilo. "Ms" haisemi umeolewa wala hujaolewa. Inasema wewe ni mwanamke, basi. Habari za chumbani zinabaki chumbani.

Nami nacheka kimoyomoyo, maana sisi tunayo "Bi." siku zote. Bi. Fulani anaweza kuwa na mume, mjane au msichana wa juzi tu, na barua inamfikia vilevile.

Kwa hiyo dada, fomu ikija kwa Kimombo na "Ms" ipo, itie alama bila woga. Nawe kaka unayemwandikia mwanamke usiyejua habari zake, tumia hiyo hiyo. Hutamkosea mtu.

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Usimisi!