Kitanda cha Mtoto na Rangi ya Pazia

Desturi mpya imeingia katika nyumba nyingi za mijini. Mama anapokaribia kujifungua, wazazi huanza kuandaa chumba cha mtoto, au pale ambapo chumba ni kimoja, kona ya mtoto. Picha hutafutwa kwenye simu, rangi huchaguliwa, kisha kitanda, neti, kiti na kabati hutakiwa vifanane na pazia na zulia. Fundi huoneshwa picha na kuambiwa atengeneze kama ile. Furaha hiyo haina ubaya. Mtoto anayesubiriwa kwa mapambo ni mtoto anayetakiwa, na daktari anayewakejeli wazazi kwa sababu ya pazia lenye vipepeo amepoteza fursa ya kusikilizwa kwa mambo makubwa zaidi.

Kasoro iko kwenye picha zenyewe. Aghalabu hupigwa kwa ajili ya kuuza bidhaa, katika nchi za baridi, ndani ya vyumba vipana. Na kitanda kinachoonekana humo hakina mtoto. Kina mito miwili au mitatu, blanketi zito lililokunjwa vizuri, wanasesere, na sponji laini iliyozungushwa pembeni kote. Vyote hivyo huuzwa pamoja kama seti, kwa bei inayowashtua wengi, na sehemu kubwa ya bei hiyo hulipia vitu ambavyo havikupaswa kuwamo ndani ya kitanda hata kidogo.

Sababu yake ni ya kimaumbile. Shingo ya mtoto mchanga haina nguvu. Uso wake ukizama kwenye mto au kubanwa na sponji ya pembeni, hawezi kugeuza kichwa wala kusukuma kilichomziba. Huanza kuvuta tena ileile hewa aliyoitoa, ambayo oksijeni yake inazidi kupungua. Halii wala hatapitapi kwa namna ya kumwamsha mtu aliyelala jirani. Ndiyo maana kampeni za kuwataka wazazi wawalaze watoto chali, zilizoanza Uingereza mwaka 1991 na Marekani mwaka 1994, zilifuatiwa na kupungua kwa takriban nusu au zaidi kwa vifo vya ghafla vya watoto wachanga katika nchi hizo. Ushauri wa wataalamu tangu hapo haujabadilika katika msingi wake: mtoto alale chali, kwenye godoro gumu lililo bapa, lenye shuka iliyokazwa, bila kitu kingine chochote. Kwa nchi yenye joto kama la Dar es Salaam, blanketi zito halina hata kisingizio cha baridi, na mwili wa mtoto kupata joto kupita kiasi ni hatari nyingine inayojitegemea.

Wauzaji husema kwamba bidhaa isingekuwa dukani kama ingekuwa na madhara. Historia haiungi mkono hoja hiyo. Mwaka 2019 kampuni ya Fisher-Price iliondoa sokoni nchini Marekani vitanda vya mwinamo vipatavyo milioni 4.7, baada ya vifo vya watoto zaidi ya 30 kuhusishwa navyo. Vilikuwa vimeuzwa kwa miaka kumi, na wazazi walivipenda. Mwaka 2022 nchi hiyo ilipitisha sheria ya kupiga marufuku vitanda vya aina hiyo pamoja na sponji za pembeni. Vitanda ambavyo ubavu wake hushushwa vilikuwa vimekatazwa huko tangu mwaka 2011, kwa kuwa ubavu ukilegea huacha mwanya unaombana mtoto. Mzazi anayenunua kitanda kilichotumika kutoka ng'ambo hana budi kukumbuka kwamba kitu kilichokatazwa kwingine hakiwi salama kwa kuvuka bahari.

Kwa Afrika Mashariki, jambo linaloumiza zaidi ni neti. Takriban robo tatu ya vifo vya malaria barani Afrika ni vya watoto walio chini ya miaka 5. Tanzania ilianza mpango wa hati punguzo mwaka 2004 ili kila mjamzito apate chandarua, na hadi leo neti zenye dawa hugawiwa kliniki. Neti hizo si nzuri kwa sura. Ni kubwa, hazina maua, na hazifanani na pazia. Kwa hiyo huhifadhiwa kabatini, au hupewa msichana wa kazi, na juu ya kitanda cha mtoto huning'inizwa lesi laini, isiyo na dawa, iliyo wazi kwa mbele kama pazia la jukwaani, yenye utepe mrefu unaoweza kumnyonga mtoto akishajua kuvuta. Mbu huingia kwa mlango huohuo uliokusudiwa wapiga picha. Familia inayopenda lesi na iitundike dirishani. Juu ya mtoto iwepo ile ya kliniki, iliyochomekwa chini ya godoro pande zote, isiyogusa uso wake.

Halafu kuna suala la nafasi, ambalo picha hazilisemi. Kitanda cha kawaida cha mtoto kina urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 60. Katika chumba cha kupanga chenye mita tatu kwa tatu, ambamo tayari kuna kitanda cha futi tano kwa sita, kabati na ndoo za maji, mahali panapobaki aghalabu ni chini ya dirisha. Hapo mtoto hufikiwa na kamba za pazia, na siku moja atasimama na kulifikia dirisha lenyewe. Tena kitanda kikisogezwa sana, dirisha huacha kufunguliwa na chumba kizima hukosa hewa. Kupima chumba kwa tepu kabla ya kuagiza ni kazi ya dakika tano. Kabati nalo lifungwe ukutani kwa kipande cha chuma na skrubu, kwa kuwa watoto hupanda droo kama ngazi.

Faraja ni kwamba hapa kitanda kingi bado hutengenezwa na fundi seremala, na fundi hutengeneza anachoambiwa. Anayekwenda kwa mafundi wa Keko akiwa na picha peke yake atapata picha. Akienda na vipimo atapata kitanda. Nafasi kati ya fito isizidi sentimita 6, ili mwili wa mtoto usipenye na kichwa kikabaki juu. Godoro likae bila kuacha mwanya wa kupita vidole viwili pembeni, na liwe gumu kiasi kwamba likibonyezwa kwa kiganja linarudi palepale. Sponji kuukuu iliyokatwa kutoka godoro la wakubwa haifai. Kwa mtoto anayeanza kujivuta asimame, ukingo uwe juu ya ubao wa chini kwa sentimita 60 au zaidi.

Pwani ina historia ndefu ya vitanda vya fahari, besera zenye nguzo na nakshi, na ustadi huo ungali hai. Lakini matundu ya nakshi yanayopendeza kwenye kitanda cha maharusi humnasa mtoto wa miezi kumi kichwa au mkono, na nguzo zenye vifundo hushika nguo yake anapojaribu kuchungulia nje. Mchongo usio na tundu, uliolainishwa kwa msasa, hutosha kumridhisha bibi yeyote.

Rangi ndiyo inayozungumzwa zaidi na kuulizwa vibaya zaidi. Swali la kwanza si waridi au bluu, bali kama kopo limeandikwa kwamba rangi yake haina madini ya risasi. Mtoto anayeota meno hutafuna ukingo wa kitanda, na mwili wake hufyonza risasi inayomezwa mara nne hadi tano kuliko wa mtu mzima. Risasi huharibu ubongo unaokua, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kama kopo halina maelezo, mbao iachwe na rangi yake ya asili. Nayo isiwe ile iliyopakwa oili chafu au dawa ya mchwa.

Kigari cha magurudumu cha kumfundishia mtoto kutembea kinastahili maneno machache tu. Hakimfundishi kutembea, na Kanada ilipiga marufuku kukiuza mwaka 2004. Katika nyumba ambayo jiko la mkaa huwekwa sakafuni na sufuria ya chai iko juu yake, kifaa kinachompa mtoto wa miezi minane mwendo asioweza kuutawala hakina nafasi, hata kikifanana na kochi kwa rangi.

Itasemwa kwamba haya ni mazungumzo ya wenye uwezo, kwani watoto wengi nchini hulala na mama zao. Ni kweli, na hakuna aibu katika hilo. Kukaa chumba kimoja na mama kunashauriwa, hasa miezi sita ya mwanzo, na kunyonyesha usiku huwa rahisi. Yanayoongeza hatari yanajulikana: mzazi aliyekunywa pombe au anayevuta sigara, mito na mashuka mazito karibu na uso wa mtoto, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, na mama mchovu anayesinzia kwenye kochi akinyonyesha. Kochi ni mahali pabaya kuliko vyote. Kwa mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo, samani bora katika wiki za mwanzo ni kifua cha mama. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza matunzo ya kangaruu yaanze mara tu baada ya kuzaliwa, kwa saa 8 hadi 24 kila siku. Hayahitaji zaidi ya kanga na mtu wa kumpokea mama anapochoka.

Wahudumu wa afya huuliza kuhusu lishe, chanjo na damu, lakini ni nadra kuuliza mtoto atalala wapi. Swali hilo lingeulizwa kliniki mapema, kabla fedha hazijaenda kwenye seti ya mito. Wodi ya wazazi nayo hufundisha bila kusema: mama aliyeona mwanawe akilazwa ubavu na kuegemezwa furushi la nguo na muuguzi atafanya hivyohivyo nyumbani, na hatamsikiliza mtu mwingine. Kabla ya kumruhusu, dakika mbili zinatosha kumlaza mtoto chali mbele ya mama, baba na bibi, kuwaonesha neti inavyochomekwa, na kuurudisha ule mto mdogo mzuri ndani ya mkoba ulioletwa nao.